Toa Unachokijua

“Nikipata, nitasaidia.” Kauli hii husemwa vijiweni, kwenye vikao vya ukoo, hata mlangoni pa msikiti na kanisa. Anayeisema huwa na nia njema, lakini akishapata, hupata na mahitaji mapya, na ule wema unasogezwa mbele tena. Wahenga walikwisha kutuonya: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza kwamba si lazima utoe fedha. Toa kwanza unachokijua.

Mfano wangu leo unatoka mbali, Burslem, mji wa wafinyanzi wa Uingereza ambao sasa ni sehemu ya jiji la Stoke-on-Trent. Josiah Wedgwood alizaliwa huko mwaka 1730, katika ukoo uliokula na kuvaa kwa ufinyanzi. Utotoni aliugua ndui. Akapona, lakini goti lake la kulia likabaki bovu, ikawa shida kwake kuliendesha kwa mguu gurudumu la kufinyangia. Mwaka 1768 mguu huo ulikatwa. Wedgwood hakuiacha kazi ya babu zake. Alizama katika kuchanganya udongo na rangi, akajaribu na kuandika matokeo, akajaribu tena, hadi vyombo vyake vikafika mezani kwa Malkia Charlotte.

Mwaka 1787 kilianzishwa London chama cha kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, naye akaingia katika kamati yake. Wengine walikuwa na kalamu, wengine walikuwa na sauti bungeni. Yeye alikuwa na tanuri. Kiwandani mwake kikatengenezwa kidani kidogo cha udongo chenye sura ya Mwafrika aliyepiga goti, mikono imefungwa minyororo, akiuliza kama naye si mtu na ndugu. Wedgwood alivigawa bure vidani hivyo, na mwaka 1788 akamtumia Benjamin Franklin kule Marekani. Wanawake waliviweka kwenye bangili na vibanio vya nywele. Hivyo hoja ya bungeni ikaingia sebuleni, kwa watu ambao hawakuwa na kura. Bunge lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, miaka 12 baada ya kifo chake.

Jiji hilohilo la Stoke-on-Trent lilimtoa Stanley Matthews, aliyezaliwa Hanley mwaka 1915. Alicheza kandanda ya ligi hadi umri wa miaka 50, na hakuwahi kuandikwa jina na mwamuzi kwa utovu wa nidhamu. Pia alikwenda Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, akawafundisha mpira vijana weusi wa Soweto, na mwaka 1975 akasafiri na timu yao hadi Brazil. Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa na mpira, akautoa huo.

Basi, fundi cherehani, mpokee binti mmoja wa jirani umfundishe kukata na kushona. Mhasibu, zipitie hesabu za akina mama wa kikundi cha mtaani kwenu kabla hawajagombana. Mwalimu uliyestaafu, unajua ni mtoto gani kibarazani hapo bado hajui kusoma. Na unapotoa, toa kazi safi, kama unayompa mteja anayelipa. Maskini hajakuomba makombo ya ufundi wako.

Lakini usisahau upande wa pili. Wedgwood huyohuyo alitajirika kwa kuuza vyombo vya chai, na sukari iliyokorogwa katika chai hiyo ilitoka mashamba ya Karibi, ililimwa na watumwa. Wema wake ulikuwa wa kweli, na faida yake nayo ilikuwa na doa. Tusimtaje ili tumzomee. Tumtaje ili tuangalie za kwetu. Muuza duka anayetoa sadaka kila Ijumaa huku mizani yake inapunja, anawarudishia watu sehemu ya mali yao wenyewe. Mwajiri anayechangia harambee huku amezuia mshahara wa msichana wa kazi, mchango huo si wake.

Kwa hiyo mambo ni mawili, nayo yana mpangilio. Kwanza isafishe kazi yako, asidhulumiwe mtu ndani yake. Kisha itoe kwa asiyeweza kuilipia. Yote mawili yanawezekana wiki hii, kabla hujapata.