Kumuaga Babu Aliyekwenda Vitani

Wazee wetu waliovaa nguo za askari katika Vita Vikuu vya Pili, vya mwaka 1939 hadi 1945, wamekwisha kutuaga karibu wote, na waliosalia ni wa kuhesabika. Kila afapo mmoja wao huzuka maneno baina ya jamaa zake. Wako wasemao, "Tumsifu, alikuwa shujaa." Na wako waonao haya, wakasema kwamba alitumikia serikali ya kikoloni katika vita visivyokuwa vyake, basi kheri jambo hilo linyamaziwe. Sisi twauliza: katika haya mawili, lipi ndilo haki ya maiti?

Kwanza tuijue khabari yenyewe. Vijana wa Afrika Mashariki walitiwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya. Mwaka 1941 walipigana na Wataliana Uhabeshi. Na mwaka 1944 walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, wakalifuata bonde la Kabaw katika mvua na matope mpaka wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Disemba. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, na ndani yake mlikuwa na mamia ya askari Waafrika wa kikosi cha mizinga. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu, wakafa watu zaidi ya 1,200. Waliozama nayo hawakuoshwa wala hawakuvishwa sanda, na wazee wao hawakupata kaburi la kuzuru.

Walikwenda kwa sababu mbalimbali. Wengine walitaka mshahara, wengine walisukumwa na watawala, na wengine ni ujana tu. Na vita vilipokwisha, malipo ya kuagwa jeshini yalipimwa kwa rangi ya mtu: Mzungu akapewa zaidi, Mwafrika akapewa kidogo, na hali risasi zilizowaelekea hazikubagua.

Basi ni nani kati yetu awezaye kukata hukumu juu ya mtu wa namna hii? Alipokufa Uthman bin Madh'un, Sahaba aliyepigana Badr, mwanamke mmoja wa Kiansari alishuhudia kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumkirimu. Mtume (S.A.W.) akamuuliza amejuaje, kisha akasema kwamba yeye amtarajia kheri. Ikiwa mpiganaji wa Badr hakukatiwa hukumu na watu, itakuwaje aliyepigana Burma chini ya bendera ya mfalme wa Uingereza? Na Mtume huyo huyo alikataza kuwatukana wafu. Kwa hivyo milango yote miwili imefungwa, wa kumtukuza kupita kiasi na wa kumtweza.

Huenda mtu akasema, "Basi tusiseme lolote?" La, hatusemi hivyo. Khabari ni yetu, hukumu si yetu. Tuseme alikokwenda, aliyoyaona na aliyotendewa, wala tusiongeze wala tusipunguze. Hilo ndilo deni la ukweli, na watoto wana haki ya kulipokea.

Tena yako madhara ambayo wengi hawayatambui. Aliyekwisha kuitwa shujaa hapati mtu wa kumwombea maghufira, kwani watu hudhani hana haja nayo. Na aliyeonewa haya hapati pia, kwani jamaa zake wamekwisha kumsahau. Makundi haya mawili, yagombanayo juu ya jeneza, yamekutana katika jambo moja: yote yamemnyima marehemu kile alichokihitaji. Yumkini mzee yule, aliyekaa barazani miaka mingi asitaje vita hata siku moja, alikuwa na jambo moyoni alilotamani aombewe msamaha, na sisi tukadhani ukimya wake ni uzee.

Basi kumuaga babu si kutundika nishani yake ukutani, wala si kuifukia isionekane. Nishani haishonwi katika sanda. Kumuaga ni kumwombea dua, na kumlipia madeni, kwani Mtume alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Na ni kuipokea khabari yake kwa uaminifu na kuwapa wanawe na wajukuu wake kama ilivyo.

Na kwa yule ambaye mzee wake yu hai, awe alikwenda vitani au hakwenda, kazi hii haingoji jeneza. Akae naye leo, amuulize kwa adabu, amsikilize bila ya kumhukumu. Maneno tuyasemayo juu ya kaburi, mwenyewe hawezi tena kuyasahihisha.