Toka Nje, Wanyama Hawangoji Jua

Ndugu yangu unayeishi Glasgow, Dundee au Aberdeen, uliyekuja kwa masomo, kwa kazi ya hospitali au kwa kumfuata mwenza wako, nina neno nawe. Najua jinsi unavyoupanga mwaka. Miezi ya baridi ni ya kwenda kazini na kurudi, pazia limefungwa, simu mkononi. Matembezi yanasubiri Julai. Julai ikifika mvua inanyesha wiki nzima, na mwaka umekwenda. Acha mpango huo. Uskoti ina wanyama wake wa kila majira, na baadhi ya walio bora kabisa hutokea wakati uleule unaojifungia ndani.

Anza na Novemba, mwezi usiopendwa na mtu. Ikifika katikati ya Desemba, jua la Edinburgh huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Wengi huliona hilo balaa. Kwa mtazamaji wa ndege ni neema, kwa sababu mapambazuko na machweo, nyakati ambazo ndege wana shughuli nyingi, yanakukuta ukiwa macho na umeshakunywa chai. Panda treni ya kutoka Dundee kwenda Aberdeen, ushuke Montrose. Nyuma ya mji kuna ghuba pana ya matope inayojaa na kukauka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Kuanzia Septemba, bata bukini wenye miguu ya rangi ya waridi huwasili hapo kwa makumi ya maelfu wakitoka Iceland na Greenland. Mchana hula mashambani. Jioni hurudi kulala ghubani, mstari baada ya mstari, na kelele zao unazisikia kabla hujawaona. Hakuna tiketi ya kukaa ufukweni na kuwatazama.

Miezi hiyohiyo, chini ya majabali ya St Abb's Head, sili wa kijivu wanazaa. Mtoto huzaliwa na manyoya meupe, hunyonya maziwa mazito ya mafuta kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha mama humwacha ajitegemee. Watazame kutoka juu, kwa darubini. Ukimsogelea mtoto, mama anaweza kumtelekeza akafa, na hakuna picha inayostahili gharama hiyo.

Theluji ikishika Cairngorms, sungura wa milimani hugeuka weupe, na tangu 2021 sheria inawalinda. Huko usiende peke yako. Nenda na mtu anayeijua milima, maana baridi ya juu inaua.

Kisha Machi inaelekea ukingoni, na osprey wanarudi kutoka Senegal na Gambia. Hapa nataka tukae kidogo, kwani kisa cha mwewe huyu mkubwa mla samaki ndicho kilichonisukuma kuandika. Wawindaji na wakusanyaji wa mayai walimfuta kabisa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1954 jozi moja ikarudi na kuzaa karibu na Loch Garten. Wezi wa mayai nao wakarudi. Mwaka 1958 kiota kilivamiwa usiku, pamoja na ulinzi wote uliowekwa. Mtu yeyote angetarajia siri izidishwe. George Waterston wa shirika la kulinda ndege la RSPB akafanya kinyume: mwaka 1959 alifungua eneo lile kwa umma, akawaalika watu waje kumtazama ndege kwa darubini kutoka mbali. Wakaja kwa maelfu msimu uleule, na makinda wakaruka salama. Leo Uskoti ina zaidi ya jozi 200. Macho ya watu wa kawaida, walimu na makarani na watoto wao, yaligeuka ulinzi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kutazama wanyama ni kupoteza muda. Mnyama anayetazamwa na wengi ana mashahidi wengi.

Mei ikiingia, ukipata nafasi vuka hadi kisiwa cha Coll au Tiree. Usiku, kwenye majani marefu, utasikia mkwaruzo kama wa kucha inayopitishwa juu ya meno ya kitana. Huyo ni corncrake, ndege wa kahawia ambaye watu wengi humsikia bila kumwona. Baadhi ya corncrake wa Coll walifungwa vifaa vidogo vya kufuatilia safari, ikabainika kwamba wakati wa baridi hufika hadi Kongo. Mkongomani akisimama kando ya shamba lile usiku, anamsikiliza jirani yake.

Kiangazi hakihitaji nikubembeleze. Nenda North Berwick kwa treni ya kutoka Edinburgh, uitazame Bass Rock, mwamba uliogeuka mweupe kwa ndege waitwao gannet. Hesabu ya 2014 ilikuta jozi zaidi ya 75,000. Mafua ya ndege ya 2022 yaliua maelfu, nawe ukiwaona sasa wakijitosa baharini kichwa mbele, jua kwamba unawatazama walionusurika. Au nenda Chanonry Point kuwatazama pomboo wakiwinda samoni karibu kabisa na ufukwe. Siri ni kufika maji yanapoanza kujaa. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Hapa wewe ndiwe mwalimu.

Oktoba madume ya ayala, wale tuliowajua kwanza katika Zaburi, hunguruma mabondeni wakigombea majike, na samoni huruka maporomoko kurudi walikozaliwa. Mtembea bure si mkaa bure.

Najua kinachokuzuia zaidi ya mvua. Ni ile hofu ya kuonekana mgeni kwenye shamba la watu, kuulizwa unatafuta nini. Basi sikiliza. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya nchi, mradi aheshimu bustani za nyumba za watu, mazao, mifugo na wanyama wa porini. Haki hiyo haikutengwa kwa raia wala kwa mwenye shamba. Nunua koti zuri la mvua na buti, azima darubini, mshike mwanao mkono, mwende Jumamosi hii.