Ndugu Wakigombana

Methali isemayo ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni adabu: ugomvi wa ndugu haumhusu mpita njia, na anayejitia katikati huishia kuchukiwa na pande zote mbili. La pili ni imani, nayo ndiyo nzito: kwamba damu ina dawa ndani yake, kwamba watu wa ukoo mmoja, hata wakitoleana mapanga leo, watakuwa wameshapatana kabla mahindi hayajakomaa. Imani hii imetuenea. Kwenye vikao vya mirathi, kwenye vyama, misikitini na makanisani, neno la kwanza la msuluhishi huwa ni kuwakumbusha wagomvi kwamba wao ni ndugu, kana kwamba wamesahau. Swali ninalotaka kulipima ni kama kweli undugu ndio unaopatanisha. Jibu langu ni hapana. Kinachowapatanisha watu ni kuhitajiana. Undugu ni jina tunalolipa kuhitajiana kulikodumu muda mrefu, na kuhitajiana kukiisha, jina hubaki tupu. Ushahidi wangu nautoa Mazinde.

Mazinde iko chini ya milima ya Usambara Magharibi, pale milima inapokutana na uwanda wa Mkomazi, kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Moshi. Katika karne ya 19 hapo ndipo misafara ya pwani ilipopita ikifuata bonde la Pangani kwenda bara. Juu, Vugha, ndiko kulikokuwa na makao ya Simba Mwene, mfalme wa Wasambaa kutoka ukoo wa Wakilindi. Kimweri ya Nyumbai alitawala kutoka Vugha kwa karibu nusu karne. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852, na wasafiri Burton na Speke walipopanda mwaka 1857 walimkuta mzee. Alishika nchi kwa kuwaweka watoto wake wawe wakuu wa majimbo, hivyo serikali nzima ilikuwa familia. Alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, kijana aliyetakiwa kuwaamuru baba zake wadogo waliokwisha kuota mizizi katika majimbo yao. Mmoja wao alikuwa Semboja wa Mazinde. Kabla muongo huo haujaisha, Semboja alikuwa amempiga mwana wa kaka yake na kumtoa Vugha. Kisha akafanya jambo ambalo mababu zake wasingelielewa: kiti cha Vugha akampa mwanawe, Kimweri Maguvu, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Vita vya nyumba hiyo moja viliendelea, vikitulia na kuwaka tena, mpaka Wajerumani walipoingia.

Hawa hawakuwa wageni waliokutana njiani. Walikuwa na babu mmoja, lugha moja, mizimu ileile ya kutambikia. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, na hata jina la kitabu linatuambia kwamba historia ya nchi ilikuwa historia ya ukoo. Kama damu ingekuwa na dawa, hapa ndipo ingefanya kazi. Badala yake mkulima aliyeifuata methali ndiye aliyeumia kwanza. Aliyeshika jembe akaenda kulima alikamatwa shambani, akateremshwa uwandani na kuuzwa kwa misafara iliyorudi Pangani, ili wagomvi wapate bunduki na baruti za kuendelezea ugomvi. Vuno lenyewe lilikuwa ni yeye. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: methali ilikuwa inasema juu ya ndugu wa namna gani? Nadhani ilisema juu ya ndugu wanaolima bonde moja, wenye ng'ombe katika zizi moja, ambao mvua za masika zikianza hakuna awezaye kupanda peke yake. Ndugu wa namna hiyo hupatana upesi kwa sababu wasipopatana watalala njaa. Semboja hakuwa na sababu hiyo. Watawala wa zamani walipata nguvu kutokana na watu: kodi ya vyakula na mifugo iliyopanda Vugha, vijana wa kulima na kupigana, wazee wa kushauri. Semboja alipata nguvu kutokana na njia ya misafara. Barabara ilimpa kila alichokitaka, na Vugha haikuwa na kitu cha kumnyima.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni mfano wa tamaa ya mtu mmoja, wala si sheria ya maisha ya watu. Basi na tuangalie upande wa pili wa historia ileile, yaani mwanzo wake. Masimulizi ya Wasambaa yanasema kwamba Mbegha, aliyeasisi ukoo huo wa kifalme, alikuwa mwindaji kutoka Unguu ambaye aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa kigego, na ndugu zake wakamnyima urithi na kumfukuza. Akapanda Usambara, mahali asipokuwa na jamaa hata mmoja. Huko alikuta wakulima ambao mashamba yao yaliliwa na nguruwe mwitu. Yeye alikuwa na nyama lakini hana wanga. Wao walikuwa na wanga lakini nyama ni ya kubahatisha. Wakabadilishana. Akawaulia nguruwe, akawaamulia kesi zao, akamwua simba, na mwisho wakampa wake na kiti. Iwe kila tukio lilitokea vile au halikutokea, watu walioisimulia hadithi hiyo kizazi baada ya kizazi walikuwa wakieleza wanavyouelewa utawala wao. Ndugu walimtupa kwa sababu hawakumhitaji. Wageni walimfanya baba kwa sababu walimhitaji, naye akawahitaji. Damu ilikuja baadaye, kwa wale wake aliopewa.

Wachunguzi wa tabia za makundi wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1954 Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana wapatao ishirini kwenye kambi huko Oklahoma, Marekani. Watoto hawa walifanana kwa umri, dini na maisha ya nyumbani. Waligawanywa makundi mawili na kushindanishwa kwa zawadi, na katika siku chache wakawa wanachoma bendera na kuvamiana mabwenini. Kuwakutanisha kwa chakula na sinema hakukusaidia. Walitumia nafasi hiyo kutukanana na kurushiana chakula. Uhasama ulianza kupoa yalipozuka mambo ambayo kundi moja lisingeyaweza, kama maji ya kambi yalipokatika. Miaka ya 1970 Henri Tajfel alionyesha jambo la kutisha zaidi: ukiwagawa watu kwa sababu isiyo na maana, kama vile kupenda picha ya mchoraji fulani kuliko ya mwingine, kila mmoja ataanza kuwapendelea wa upande wake. Wengine hulitumia jambo hili kama pingamizi: kama watu hugawanyika bure, kuhitajiana kutafaa nini? Lakini majaribio ya Tajfel yalionyesha upendeleo katika kugawa vijisenti, hayakuonyesha vita. Upendeleo ni moshi tunaoishi nao kila siku, Yanga na Simba, mtaa huu na mtaa ule. Unakuwa moto pale upande mmoja unapoona kwamba hautapoteza kitu upande wa pili ukiteketea.

Pingamizi zito zaidi linatoka Usambara kwenyewe. Wasambaa walikuwa na nadharia yao ya amani, ambayo mwanahistoria Steven Feierman ameieleza kwa urefu. Kuna kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Nchi huharibika panapokuwa na nguvu kwa nguvu, yaani wakuu wawili wanaolingana wakishindana. Hapo hata mvua hugoma, kwa kuwa kila mmoja anaizuia ya mwenzake. Nchi hupona mmoja anapowashinda wote, mvua zote zikawa mkononi mwake. Kwa fikra hiyo dawa ya Mazinde na Vugha isingekuwa kuhitajiana, ingekuwa mshindi. Lakini mshindi alipatikana. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Hakukuwa tena na wa kushindana na Wajerumani milimani wala uwandani, na reli yao ilifika Mombo mwaka 1905. Nguvu ilikuwa moja. Hata hivyo, walioishi kwa kazi ya shuruti na kodi hawakuona kwamba nchi imetengenezwa. Nadhani nadharia ya mvua ilikuwa na sharti ambalo halikuhitaji kutamkwa: yule mwenye mvua zote alikula chakula cha wale wale waliongoja mvua. Ukame ulimfikia mezani. Nguvu moja isiyokula pamoja na watu ni ushindi tu, hata ikileta ukimya.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa wale wanaosema kuhitajiana ni jina zuri la utumwa. Hoja yao ina uzito: mke asiyeweza kumwacha mume anayempiga kwa kuwa hana pa kwenda, anamhitaji, kibarua wa shamba la mkonge anamhitaji mwenye shamba, na amani iliyopo kati yao haistahili sifa. Lakini hiyo ni haja ya upande mmoja, na haja ya upande mmoja ndiyo hasa iliyovunja nchi ya Wakilindi. Shekulwavu alipozidiwa na Semboja aliwaegemea Wabondei, nao wakafanya Kiva, yaani wakawainukia wakuu wa Kikilindi waliokuwa wakiwatawala, wakawaua na kuwafukuza. Wabondei hawakukosea kuihesabu hesabu yao. Mkuu anayeweza kuuza raia wake amekwisha kuacha kuwahitaji. Amewageuza kutoka watu wa kumlisha kuwa bidhaa ya kununulia baruti. Kuwaambia wabaki kwa sababu ya uhusiano wa zamani kungekuwa dhihaka. Kwa hiyo kipimo changu si kuuliza kama watu wanahitajiana kwa ujumla, ni kuuliza kama mwenye nguvu atagharimika akiuvunja uhusiano. Kama gharama yote iko kwa mnyonge, tusihubiri suluhu kabla ya kurekebisha mizani.

Linabaki pingamizi la dini, nalo sitaki kulipita kwa haraka. Mwumini atasema kwamba amani ninayoieleza ni ya wachuuzi: leo tunauziana, kesho soko likihama tunachinjana. Upendo wa kweli, atasema, hauhesabu haja. Nakubali kwamba upendo wa namna hiyo upo na kwamba ni bora kuliko hesabu zangu. Lakini maandiko yenyewe hayauachi undugu ufanye kazi peke yake. Surat al-Hujurat inawaita waumini ndugu, na hapohapo inawaamuru wengine waingie kati kusuluhisha makundi yanapopigana, na wamzuie anayedhulumu mpaka arejee. Haisemi washike majembe waende shamba. Injili ya Mathayo inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, yaani njia ya kwenda kwa Mungu imepitishwa kwenye mlango wa mgomvi wake. Mwenye dini aliyeelewa vizuri hawezi kumtupa adui, kwa kuwa ibada yake mwenyewe imekwama bila yeye. Wazee waliosema kwamba mvua hugoma nchi ikigombana walifikiri kwa mkabala huohuo. Dini haifuti haja baina ya watu. Inaiongeza pale soko linapodai imekwisha.

Kama haya ni kweli, kazi ya msuluhishi inabadilika. Nchini Tanzania mabaraza ya kata yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985 yaliondolewa mwaka 2021 mamlaka ya kuamua kesi za ardhi, yakabakiziwa usuluhishi. Wapo walioona kwamba yamenyang'anywa meno. Mimi naona yamepewa kazi ngumu zaidi, kwa sababu asiye na amri ya kutoa hana budi kutafuta kitu ambacho wagomvi bado wanakihitaji kwa pamoja: mfereji, njia ya kupitisha mazao, kisima, kaburi la wazazi. Watu wa Mazinde na wa uwanda wote hunywa na kumwagilia kwa maji yashukayo kutoka milimani, na wa milimani huteremsha mboga na matunda yao kwenye barabara ileile iliyowahi kuteremsha watu. Anayekata msitu juu anakausha shamba la chini. Anayeziba njia chini anaozesha kabichi za juu. Uhusiano huo unaweza kulindwa, na unaweza kuuzwa kwa mtu mmoja atakayeona faida ya kuishi bila wenzake, kama ulivyouzwa mara moja.

Methali basi tusiitupe, ila tuisome na sharti lake. Ndugu wakigombana, kabla hujashika jembe, kaangalie kama bado wanalima shamba moja. Kama wanalima, nenda zako ukalime. Kama mmoja amekwisha kupata pa kula bila mwenzake, liache jembe, waite wazee, kaeni kikao siku hiyohiyo.