Nani Apande Kwanza?

Burundi ni nchi ndogo, lakini safari fupi yaweza kumaliza siku. Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura. Mwaka huohuo mafuta yakaadimika, mabasi yakapungua, watu wakajaa vituoni. Basi likifika, wenye nguvu huwahi mlangoni. Mama mwenye mtoto na mzee mwenye fimbo hubaki.

Je, lawama yote ni ya wakubwa? Basi likikosekana, si sisi tulioamua. Lakini kumsukuma mzee ni uamuzi wetu. Shida haiondoi wajibu. Huku kambini tunapanga mstari wa maji na wa chakula. Tumpishe mnyonge hapa, ili siku ya kurudi nyumbani itukute tumezoea haki.