Mtu Mmoja, Kazi Mbili

Ndugu msomaji, usicheke. Mimi niliyeishia kidato cha nne, na ambaye sijawahi kuugusa ule mpira wao wenye umbo la yai, leo nataka kukusimulia habari za futiboli ya Kimarekani. Binamu yangu ndiye aliyeniambukiza, kwa mechi alizokuwa akinionyesha kwenye simu yake. Lakini kinachoninyima usingizi si mchezo, ni swali: mtu alipwe kwa jina la kazi yake, au kwa kazi anayoifanya?

Hebu kwanza tuielewe hiyo kazi. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Mrushaji akishaupata mpira, ama anaurusha kwa mpokeaji aliyechomoka mbele, ama anamkabidhi mkimbiaji aliye karibu naye. Kazi ya jadi ya mkimbiaji ni kuukumbatia mpira na kujitosa katikati ya majitu. Basi.

Sasa tuseme mkimbiaji huyo anajua pia kudaka. Hapo ndipo wapinzani wanapochanganyikiwa. Wakimwekea mlinzi mzito wa kuzuia mbio, jamaa anachomoka pembeni, anadaka, na yule mzito anabaki nyuma akihema. Wakimwekea mwepesi wa kumfukuza, anapewa mpira mkononi na kumpitia juu kwa juu. Hata asipougusa mpira, ameshawaumiza vichwa. Na mrushaji akizingirwa, wapokeaji wote wamekabwa, yeye yupo pale hatua chache, mikono wazi.

Mwaka 2017, Le'Veon Bell wa Pittsburgh Steelers alikimbia yadi 1,291, kisha akadaka mipira 85 kwa yadi nyingine 655. Klabu ikatumia kanuni ya ligi inayoiruhusu kumbakiza mchezaji mwaka mmoja zaidi, kwa bei ambayo msingi wake ni mishahara ya wachezaji wa nafasi yake. Nafasi yake inaitwa mkimbiaji, kwa hiyo bei ikawa ya kikimbiaji: dola milioni 14 na ushee. Bell alitaka athaminiwe kwa yote mawili. Akagoma. Msimu mzima wa 2018 hakucheza hata mechi moja, na pesa zile akaziacha. (Mimi? Ningetia sahihi kabla kalamu haijafunguliwa.)

Hata hivyo nilikuwa upande wake, na sababu ninayo. Nilipomaliza shule niliajiriwa tarishi katika ofisi moja. Siku moja mpiga chapa hakuja, nikakaa mahali pake. Tangu siku hiyo asubuhi nilisambaza barua, mchana nikazichapa. Kwenye daftari la mishahara nikabaki tarishi.

Binamu yangu akanikata kauli. "Bell alipogoma, nani alicheza?" Alicheza James Conner, kijana wa msimu wa pili, mwenye mshahara mdogo mno ukilinganisha na ule uliokataliwa. Akakimbia yadi 973, akadaka mipira 55. Tena, binamu akaongeza, gawanya zile yadi 655 kwa mipira 85: hazifiki hata 8 kwa mpira mmoja. Mipira ya karibu hiyo, nani atashindwa kuidaka?

Nilinyamaza siku mbili nzima, maana hoja ilikuwa na uzito. Lakini nikiiangalia vizuri, naona Conner hathibitishi kwamba kazi ile ni rahisi. Yeye naye alikimbia na kudaka. Naye alifanya kazi mbili. Anachothibitisha ni kwamba yupo kijana mwingine, aliyefungwa na mkataba wake wa mwanzo, asiye na ubavu wa kugoma. Hiyo ni habari ya udhaifu wa mfanyakazi, si ya thamani ya kazi. Sisi tunazichanganya hizi mbili kila siku, na anayelipa hapendi tuzitenganishe.

Halafu kuna James White. Februari 2017, kwenye fainali, New England Patriots walikuwa wamelala 28 kwa 3 mbele ya Atlanta Falcons. White, mkimbiaji, alidaka mipira 14, akafunga pointi 20 peke yake, zikiwemo za mwisho katika muda wa nyongeza, wakashinda 34 kwa 28. Tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa mrushaji, Tom Brady. Simwonei wivu, alirusha yadi 466, si mchezo. Ila yadi 110 kati ya hizo ziliishia mikononi mwa White.

Nami mwisho wa mwezi ule nilikwenda kwa mhasibu nikamwambia kwa adabu, "Shikamoo mzee, siku hizi nachapa pia." Akaitikia marahaba, akafungua daftari, akapitisha kidole mpaka kwenye jina langu. "Hapa pameandikwa tarishi, mwanangu." Orodha ile ya mishahara nilikuwa nimeichapa mimi.