Wewe, Simama Kando

Kijana wa Nyeri akitimiza miaka 18 huenda kuomba kitambulisho akiwa na cheti cha kuzaliwa na kipande cha mzazi. Anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anarudi nyumbani kungoja. Kijana wa Garissa wa umri uleule, Mkenya wa baba na babu, kwa miaka mingi alikuwa na hatua moja zaidi: kamati. Wazee, chifu, watu wa usalama. Ukoo wako ni upi? Babu yako alikuwa nani, aliishi wapi? Asipowaridhisha, anarudi mikono mitupu. Na bila kipande huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huna kura, kazi ya ofisi sahau. Basi la Nairobi likifika kizuizini kwenye daraja la mto Tana, unaambiwa maneno ambayo kila mtu wa Kaskazini Mashariki anayajua: wewe, simama kando.

Februari 2025, akiwa ziarani hukohuko, Rais William Ruto alitangaza kwamba huo msasa umefika mwisho. Kaskazini watu walishangilia. Huku chini, mitandaoni, wengi walijibu kivingine: eti sasa magaidi watagawiwa vitambulisho kama peremende.

Ni rahisi kuwacheka watu hao, lakini sioni faida yake. Wanauliza swali la kweli. Kama kundi fulani limewahi kutoa wauaji, je, ni makosa kumshuku kila mtu wa kundi hilo? Huo ni ubaguzi, ama ni tahadhari tu ya mtu mwenye akili timamu?

Tuiheshimu hofu yenyewe kwanza, maana haikutoka hewani. Septemba 2013, Westgate, watu 67. Novemba 2014, basi lililotoka Mandera, abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, karibu wote wanafunzi, wengine wametolewa vitandani alfajiri. Aliyempoteza mtoto pale hahitaji mtu wa Nairobi amfundishe maana ya chuki.

Lakini hofu kuwa ya kweli ni jambo moja, na hesabu inayofuata hofu ni jambo jingine. Hapo ndipo tunapopotea.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo saikolojia ya jamii nimeisoma bila mtihani na bila mhadhiri wa kuniambia cha kuruka. Mtu wa kwanza aliyenikamata ni Henri Tajfel. Alikuwa Myahudi wa Poland, akaingia jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani. Alipona kambini kwa sababu walimhesabu kuwa Mfaransa. Vita vilipoisha, karibu jamaa zake wote walikuwa wameuawa. Uhai wake ulitegemea kundi aliloandikwa.

Miaka ya mwanzo ya 1970 Tajfel alichapisha majaribio aliyofanya na wavulana wa shule kule Bristol, Uingereza. Aliwagawa kwa vitu vya upuuzi kabisa, kama vile nani anapenda michoro ya Klee na nani ya Kandinsky. Hawakuwa na ugomvi, hawakuwa na historia, hata hawakujua nani yuko kundi gani. Walipopewa nafasi ya kugawia wenzao pesa, walipendelea kundi lao. Zaidi ya hapo, mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo kuliko ambavyo lingepata, mradi tu liwazidi wale wengine. Soma tena hapo, halafu fikiria siasa zetu.

Wa pili ni David Hamilton na Robert Gifford. Mwaka 1976 waliwapa watu orodha ya matendo ya makundi mawili ya kubuni, moja kubwa na moja dogo. Kiasi cha matendo mabaya kwa mazuri kilikuwa sawa kabisa pande zote mbili. Bado wasomaji waliondoka wakiamini kundi dogo ndilo lenye watu wabaya. Akili ikikutana na vitu viwili vya nadra kwa pamoja, mtu wa kundi dogo na tendo baya, hufunga fundo. Na fundo hilo halifunguki kwa kuambiwa ‘acha ubaguzi’.

Sasa turudi kwenye hesabu. Swali la ‘kati ya magaidi, wangapi ni Wasomali?’ si swali moja na ‘kati ya Wasomali, wangapi ni magaidi?’ Watu hujibu la kwanza wakidhani wamejibu la pili. Sensa ya 2019 ilihesabu Wasomali zaidi ya milioni 2.7 nchini Kenya. Tuseme, kwa kukisia tu, kwamba elfu nzima kati yao wana nia ya kuua. Hiyo ni chini ya mtu mmoja katika kila 2,700. Ukimsimamisha Msomali kando kwa sababu ni Msomali, karibu kila mara umemkosea mtu. Na yule unayemtafuta anaweza kupita mbele yako bila wasiwasi: mmoja wa walioshambulia DusitD2, Januari 2019, alikuwa kijana Mkenya asiye Msomali, ambaye hakuna kizuizi kingemwambia ashuke.

Kuna ushahidi mwingine hatuutaji sana. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100. Wauaji walikuwa wa makabila yanayojulikana, walikuwa majirani. Lakini hakuna anayevuliwa viatu mlangoni mwa mall leo kwa sababu ya 2008. Yale tunasema yalikuwa siasa, yalikuwa hasira, yalikuwa mashamba. Wetu wakiua tunatafuta sababu. Wao wakiua tunasema ndivyo walivyo. Thomas Pettigrew aliipa tabia hiyo jina katika makala yake ya 1979, lakini bibi zetu walikuwa nalo zamani: nyani haoni kundule.

Msiba mkubwa zaidi ni kwamba ‘ndivyo walivyo’ haikai kichwani tu. Inaandikwa kwenye bajeti. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Kikao Namba 10, uliosema pesa za maendeleo zipelekwe kwanza panapoweza kuleta mazao mengi haraka: penye mvua, ardhi nzuri, barabara, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Hilo la mwisho lisikupite. Kaskazini, iliyokuwa katikati ya vita vya Shifta na chini ya sheria za hali ya hatari, haikuwa na barabara wala mvua, na watu wake walishahukumiwa kuwa si wa kupokea. Basi haikupewa. Miaka ikapita, umaskini ukakaa, kisha umaskini uleule ukaletwa kama ushahidi: si unaona, hawa watu hawapendi shule, wanapenda ngamia. Unamnyima mtu kiti halafu unamcheka kwa kukaa chini.

Kutoka hapo kuchambua watu kukawa kazi ya kawaida ya dola. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Kwa miaka serikali ilisema waliokufa ni 57. Waliopona wanahesabu mamia, na wengine husema maelfu. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa wakapewa kadi zao za pekee, za rangi ya waridi. Aprili 2014 maelfu ya watu wa Eastleigh walizolewa, wengi wakafungiwa kwenye uwanja wa Kasarani. Katika yote hayo kosa la mtu halikuwa tendo. Lilikuwa jina.

Hapo ndipo naona ubaya wenyewe. Siyo tu kwamba dhana ni ya uongo, maana hata takwimu ya kweli inaweza kutumika vibaya. Ubaya ni kwamba unamdai mtu deni ambalo hakukopa, na hakuna anachoweza kufanya kulimaliza. Akiwa mpole, anajificha. Akikasirika, si nilikwambia. Akivuka mpaka aingie Somalia, kule nako anaitwa ‘Sijui’, lile neno letu wenyewe, kumaanisha Msomali wa Kenya asiye wa pale kikamilifu. Tahadhari ya haki humwachia mtu njia ya kutoka kwa matendo yake. Hii haina mlango.

Na hata kama shida yako ni usalama tu, jiulize habari za mhalifu hutoka wapi. Mmoja wa walioshambulia chuo cha Garissa alikuwa kijana aliyesomea sheria Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa amekwisha kuripoti kwa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Mzazi kama huyo ndiye mlinzi wa kwanza wa nchi. Ukimfundisha kwamba yeye na mwanawe ni kitu kimoja machoni pako, mara ya pili hatakuja kukwambia.

Mtu wa Garissa anayesoma haya asijipigie makofi mapema. Mji wetu nao una ungo wake wa kupepeta watu. Anayepanda basi la Nairobi bado husema anaenda Kenya. Mtu wa bara huitwa nywele ngumu, na hata majirani wa mtoni, Wamunyoyaya na Wapokomo, wanayajua hayo majina. Nguvu hazilingani, ni kweli: tusi la dukani Garissa halimnyimi mtu uraia. Lakini mwalimu wa Kikamba aliyekaa miaka 10 Garissa na bado ni mgeni anaelewa vizuri sana maana ya kusimama kando.

Na walimu hao ndio tuliowapoteza. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Tume ya Walimu ikahamisha walimu wasio wenyeji, na shule nyingi zikabaki na madarasa bila mtu wa mbele. Tulihesabu hasara ya masomo. Hasara nyingine hatukuihesabu. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba makundi huacha kuogopana yakikutana kwa usawa, yakiwa na lengo moja, yakishirikiana, na mamlaka yakiunga mkono. Mwaka 2006 Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti zaidi ya 500 wakakuta kweli kukutana husaidia. Darasa la shule ya msingi ya Garissa, mwalimu kutoka Machakos na watoto 60 wanaotaka kufaulu, lilikuwa karibu sana na alichokieleza Allport. Al-Shabaab walijua wanapiga wapi.

Basi tufanye nini, tungoje mioyo isafike? Hapa naachana kidogo na wanasaikolojia. Tumelifanya suala la ubaguzi kuwa suala la moyo: je, unawapenda? Je, una chuki? Mimi naona moyo wako ni wako. Ninachouliza ni utafanya nini mtu akianza kupepeta.

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi la kwenda Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Waliamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, wengine kule. Kila mtu mle ndani alijua kilichotokea mwaka uliotangulia. Wanawake Waislamu walikuwa wameshawafunika wenzao Wakristo kwa hijabu zao. Abiria wakakataa kutengana. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote ilisimulia tukio hilo, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Huwa tunaisimulia kama hadithi ya upendo. Sina hakika. Basi lile lilikuwa basi kama mengine, na safari ya Mandera ni ndefu. Huenda asubuhi yake mtu alimwita mwenzake nywele ngumu, na mwingine akajibu warya. Huenda kuna aliyemshuku jirani yake wa kiti njia nzima. Hatuhitaji kujua. Dakika ilipofika ambapo kwa Mwislamu kusimama kando ilikuwa ndiyo njia ya kupona, hawakusimama kando. Hilo tu lilitosha kuokoa watu.

Wengi wetu hatutaelekezewa bunduki. Tutapata vipimo vidogo. Kizuizini, abiria mmoja anaposhushwa kwa sababu ya sura, wengine 50 wanaweza kutazama simu zao, au wanaweza kushuka wote na vipande mkononi: tukague sisi pia. Kama ukaguzi ni wa usalama, hakuna kilichoharibika. Kama ulikuwa wa kitu kingine, itajulikana palepale. Safari itachelewa nusu saa. Yule aliyezoea kusimama kando amekuwa akiilipa hiyo nusu saa peke yake maisha yake yote.