Hanania Alisema Miaka Miwili

Somo: Yeremia 28 na 29, Danieli 9:1-19, Matendo 1:6-8



Nawasalimu nyote wa Juru, Rubondo na Base Camp, pamoja na ndugu zetu wa Kabingo na Mbarara mjini ambao karatasi hii huwafikia kwa mkono wa wasafiri. Kila nyumba ifungue Biblia na kushika kalamu, maana leo tutafanya hesabu.

Tangu mvua zianze kuna mchoro unaozunguka katika vikundi vyetu vya maombi. Unasema hivi: toka Adamu hadi Abrahamu miaka 2000, toka Abrahamu hadi Yesu miaka 2000, toka Yesu hadi sisi miaka 2000. Jumla 6000. Kwa kuwa Petro analinganisha siku moja ya Bwana na miaka elfu (2 Petro 3:8), basi siku sita za kazi zimekwisha, imebaki sabato. Halafu mwenye mchoro anataja mwaka. Kwa ajili ya mwaka huo baba mmoja ameuza mabati yake, na mama mmoja ameniuliza kama kuna faida gani kupanda maharage msimu huu.

Swali la mama yule ni zito na sitaki kulicheka. Anayelala chini ya turubai miaka kumi na mitano anatafuta tarehe. Tunauliza kesi yetu imefika wapi, usaili ni lini, vita vitaisha lini. Wengi wetu tulipovuka Bunagana tulisema ni miezi mitatu tu. Mtu akija na tarehe iliyotoka ndani ya Biblia, tena ya karibu, moyo unamkimbilia.

Sasa tuhesabu. Jumlisheni umri wa mababa katika Mwanzo 5, toka Adamu hadi gharika: mnapata miaka 1656. Lakini katika tafsiri ya zamani ya Kiyunani, waliyoitumia Wakristo wengi wa kwanza, miaka hiyo inapita 2200. Tazameni tena Luka 3:36: kati ya Arfaksadi na Sela kuna jina Kenani, ambalo katika Mwanzo 11:12 halipo. Na Mathayo 1:8 anatoka kwa Yoramu moja kwa moja hadi Uzia, akiwaruka Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao 1 Mambo ya Nyakati 3 inawataja. Mathayo hakukosea. Alikuwa anatuonyesha Yesu ni mwana wa Daudi na wa Abrahamu. Hakuwa anatutengenezea kalenda. Hata sisi kwetu mzee akitaja ukoo wake huruka majina, na hakuna anayemwita mwongo.

Ndiyo maana wenye hesabu hawapatani. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland aliandika mwaka 1650 kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 K.K.; kwa hesabu yake miaka 6000 ilitimia mwaka 1997, wakati wengi wetu tulikuwa tunakimbia risasi. Wayahudi huanza na 3761 K.K. Na majirani zetu Wahabeshi hapa Nakivale, kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Je, Bwana atakuja kwa kalenda ya nani?

Mmarekani Harold Camping, mhandisi aliyekuwa na redio kubwa, alisema gharika ilikuwa mwaka 4990 K.K. Akazichukua siku saba za Mwanzo 7:4, akazifanya miaka 7000, akafika 21 Mei 2011. Watu walitoa akiba zao kulipia mabango ya kutangaza siku hiyo. Siku ilipita. Akasema 21 Oktoba, nayo ikapita. Mwaka 2012 alikiri kwamba alikosa, na mwaka 2013 akafa. Angalau alikiri.

Lakini kwa nini twende Marekani? Kanungu iko huku huku magharibi mwa Uganda. Joseph Kibwetere, mtu wa Ntungamo, pamoja na Credonia Mwerinde, waliongoza kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, nao wakafundisha kwamba dunia itaisha 31 Desemba 1999. Waumini wakauza mashamba, mifugo na nguo, fedha zikaenda kwa viongozi. Tarehe 1 Januari jua likachomoza. Watu wakaanza kuuliza, na wengine wakadai mali yao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia walikusanyika katika nyumba yao ya ibada, milango na madirisha yakafungwa kwa misumari, moto ukawashwa. Baadaye miili mingine ilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo sehemu nyingine. Walikuwamo watoto wengi, ambao hakuna aliyewauliza kama wanaamini hesabu ile. Na huko Shakahola, Kenya, mwaka 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu.

Sisemi kwamba mwenye mchoro wetu ni Kibwetere. Nasema tu kwamba hata Kanungu mambo yalianza kwa watu wanaosali, na mali iliuzwa kabla ya moto kuwashwa.

Sasa Yeremia. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli, wakimbizi kama sisi. Akatokea nabii Hanania, akasema mbele ya makuhani kwamba kongwa la Babeli linavunjwa ndani ya miaka miwili. Yeremia aliitikia Amina! Someni 28:6. Naye alitamani iwe hivyo, maana ni nani asiyetaka kurudi kwao? Lakini Bwana hakuwa amemtuma Hanania, na Hanania akafa mwaka uleule. Ndipo Yeremia akaandika barua, ikabebwa na wasafiri hadi kwa wale mateka. Akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake, waoze watoto wao, wauombee mji walikopelekwa, kwa maana itakuwa miaka sabini.

Fikirini mtu wa Babeli aliyemwamini Hanania. Hakupanda mti. Hakumpeleka mtoto kujifunza kazi. Miaka miwili ikaisha, naye yuko palepale, hana nyumba wala bustani, na pengine imani pia imekwisha. Nakivale yenyewe ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ndugu wa Rwanda, na katika wakimbizi wa kizazi kile wako waliongoja miaka zaidi ya thelathini kabla ya kurudi kwao mwaka 1994. Waliolima, walikula.

Mtaniuliza, je, Danieli hakuhesabu miaka? Alihesabu. Katika Danieli 9:2 anasoma kitabu cha Yeremia na kuona miaka sabini inakaribia kutimia. Lakini tazameni alichofanya baadaye: alivaa magunia, akafunga, akatubu dhambi zake na za watu wake. Hakuwaambia watu wauze chochote. Asubuhi aliendelea na kazi ya serikali ya mfalme, na Maandiko hayatuambii kwamba yeye mwenyewe alirudi Yerusalemu.

Bwana anakuja, hilo nalihubiri na nitalihubiri. Lakini wanafunzi walipomwuliza juu ya wakati, aliwajibu kwamba nyakati si zao kuzijua, kisha akawapa kazi (Matendo 1:7-8). Na Wathesalonike walioacha kazi, Paulo aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3:12).

Kwa hiyo mama, panda maharage. Chakula cha msaada kilipunguzwa mwaka 2023 na wewe unajua hali ya sufuria yako. Watoto warudi shule. Asiuze mtu shamba, mbuzi wala mabati kwa sababu ya tarehe, na akiambiwa alete fedha kwa sababu hiyo, aje kwanza kwa wazee wa kanisa, hata usiku. Ndugu aliyeuza mabati tusimseme barabarani. Idara ya akina baba inatafuta nyasi za kumwezekea kabla mvua haijazidi, na mwenye fito alete.

Mwenye mchoro naye ni ndugu yetu. Namkaribisha Jumatano baada ya maombi. Aje nao, tuutandike mezani, Mwanzo 5 na 11 zikiwa wazi, tujumlishe pamoja mstari kwa mstari.

Wenu katika utumishi,
Mchungaji